Maji ya Nairobi Huchemka Mapema

Ukiitisha teksi kwa simu hapa Nairobi, siku moja kaa mbele na uangalie dashibodi. Kama ni Vitz, Demio au Fit, kuna uwezekano mkubwa hutaona geji ya joto. Utaona taa ndogo ya samawati yenye mchoro wa kipimajoto. Inawaka asubuhi injini ikiwa baridi, halafu inazima. Baada ya hapo, kimya. Gari halina neno lingine la kumwambia dereva kuhusu joto la injini mpaka taa nyekundu iwake. Na taa nyekundu ikiwaka, mara nyingi habari yenyewe imechelewa: maji yalishaisha, gasketi imeungua, na mtu aliyekuwa anatafuta doh ya rent sasa anatafuta doh ya injini.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kulikuwa na wakati dereva aliambiwa joto la injini yake kwa namba. Baadaye namba zikawa herufi, na herufi zikawa taa. Kila hatua ilipunguza kitu ambacho dereva anakijua, na kila hatua iliuzwa kama starehe. Ndiyo maana ukipita kwenye gereji zinazotengeneza magari ya kizamani utakuta watu wanafunga geji za namba kwenye dashibodi ambazo hazikuwa nazo hata zilipotoka kiwandani. Unaweza kudhani ni mapambo. Si mapambo.

Tuanze na gari ambalo halikuwa na geji ya joto kabisa, Ford Model T. Lilianza kuuzwa mwaka 1908 na kufikia 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Ukitoa yale machache ya mwanzo kabisa, Model T halikuwa hata na pampu ya maji. Maji yalijizungusha yenyewe. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, kwa hivyo yalipanda kutoka kwenye injini, yakaingia juu ya rejeta, yakapoa yakishuka, kisha yakarudi chini ya injini. Ni kitu kile kile unachokiona kwenye sufuria ya maharagwe, maji yakipanda katikati na kushuka pembeni. Mpango huo ulikuwa rahisi na haukuwa na cha kuharibika, ila ulikuwa na sharti moja: maji yasipungue. Yakishuka chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko unakatika, na injini inabaki ikichemsha maji yale yale mahali pale pale.

Dereva angejuaje? Angeona mvuke. Yaani angejua wakati ambapo kujua hakumsaidii.

Katika miaka ya 1910, Mmarekani anayeitwa Harrison Boyce alipata jibu lililokuwa la kijanja kwa sababu lilikuwa rahisi. Alichukua kipimajoto, akakiweka ndani ya duara la chuma na kioo, na kukifunga juu ya kifuniko cha rejeta, pale mbele kabisa ya gari. Dereva akitazama barabara, anaona pia mstari mwekundu ukipanda au kushuka. Kifaa hicho kiliitwa Boyce MotoMeter. Ujanja wake mwingine ni kwamba hakikupima maji yenyewe. Kilipima joto la hewa na mvuke ulio juu ya maji, kwa hivyo hata maji yakipungua bado kingekuwa na kitu cha kukuambia. Kikapendwa hadi kikawa pambo, na kampuni za magari zikaweka nembo zao juu yake. Kasoro zake zilikuwa za wazi: usiku hukisomi vizuri, na yeyote anayepita mtaani anaweza kukichomoa aende nacho.

Suluhisho lilikuwa kuleta kipimo ndani ya gari, mbele ya macho ya dereva. Lakini utalivutaje joto kutoka kwenye injini hadi kwenye dashibodi? Hapa inabidi turudi nyuma, kabla ya magari, kwenye mashine za mvuke.

Mwaka 1849 mhandisi wa Paris, Eugène Bourdon, alisajili uvumbuzi wa mrija bapa uliopindwa kama nusu duara. Ukiujaza shinikizo, mrija unataka kunyooka. Umewahi kuona ile filimbi ya karatasi ya birthday za watoto, inayojikunjua ukiipuliza? Ndiyo hiyo hiyo. Funga mshale kwenye ncha ya mrija, na mshale unakuonyesha shinikizo lililo ndani. Kwa watu wa mvuke hilo lilikuwa suala la uhai, maana boila isiyopimwa hulipuka na kuua.

Mrija wa Bourdon ulifika kwetu kabla ya magari kuzoeleka. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896, ukafika hapa Nairobi mwaka 1899 na ukingoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901. Injini za mvuke zilizopanda reli hiyo zilikuwa na geji za shinikizo mbele ya macho ya dereva. Nenda Makumbusho ya Reli pale nyuma ya stesheni, panda ndani ya moja ya zile injini kuukuu, utaona uso wa duara wenye namba na mshale. Babu wa geji ya gari ni yule pale.

Watengenezaji wa magari walichofanya ni kugeuza joto kuwa shinikizo. Walichukua kichupa kidogo cha shaba, wakatia ndani yake kimiminika kinachogeuka mvuke upesi, kwa kawaida etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 hivi tu. Kichupa kinachomekwa ndani ya maji ya injini. Maji yakipata moto, mvuke wa etha unasukuma kupitia mrija mwembamba sana hadi kwenye dashibodi, na huko ndani kuna mrija wa Bourdon wenye mshale. Hakuna umeme. Hata ukizima gari na kutoa ufunguo, mshale bado unasema ukweli. Utauona hata ukipanda kidogo dakika za kwanza baada ya kuzima, kwa sababu pampu imesimama na joto la chuma linahamia kwenye maji.

Kuna jambo moja kwenye uso wa geji hizi ambalo wengi hawaliangalii. Namba zake hazijapangwa sawasawa. Upande wa baridi zimebanana, upande wa moto zimeachana. Si urembo. Shinikizo la mvuke huongezeka kwa kasi kadiri joto linavyopanda, kwa hivyo mshale unatembea hatua ndefu zaidi pale ambapo hatari iko. Kifaa chenyewe kinapaza sauti panapostahili.

Sasa tufike kwenye gari lenyewe. Morris Minor lilibuniwa na Alec Issigonis, yule yule aliyebuni Mini baadaye, na likazinduliwa London mwaka 1948. Desemba 1960 likawa gari la kwanza la Uingereza kufikisha idadi ya milioni moja. Kenya ikiwa bado koloni, na hata baada ya Uhuru, Minor lilikuwa gari la karani, la mwalimu, la nesi, la mtu aliyeanza kupata pata. Ukiwa na nyanya au babu aliyefanya kazi ya ofisi miaka ya sitini, muulize. Aidha alikuwa nalo au alikuwa na jirani aliyekuwa nalo.

Minor 1000, lililotoka mwaka 1956 na injini ya sentimita za ujazo 948, lilikuwa na uso mmoja wa duara katikati ya dashibodi. Ndani yake mlikuwa na spidomita, geji ya petroli na taa chache za onyo. Geji ya joto haikuwepo. Lakini kwenye kichwa cha injini, upande wa mbele, chini ya thamostati, kuna tundu lililozibwa kwa kizibo cha shaba. Tundu la kupima joto lilikuwa limeshatobolewa. Halikuunganishwa na chochote, basi.

Mtaani kwetu kuna mzee mwenye Minor 1000. Kila baada ya wiki chache analipeleka ushago, juu ya Nakuru, na aliamua hataki tena kusafiri kwa kubahatisha. Alinunua geji ya zamani yenye mrija, namba zake za Farenhaiti, na siku ya kuifunga nilikuwepo, kwa sababu mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili huwa na Jumanne nyingi. Fundi aliianza kazi injini ikiwa baridi kabisa. Alimwaga maji hadi yakashuka chini ya lile tundu, akatia mafuta ya kulegeza kutu kwenye kizibo, akasubiri. Kizibo kilichokaa miaka sitini hakitaki haraka. Ukikilazimisha kwa spana ndefu unaweza kuharibu thredi, na thredi zikienda, umepata kazi ya wiki nzima badala ya saa mbili.

Kilipotoka, alichomeka kichupa na kukifunga kwa nati yake. Halafu ikaja shughuli ya mrija. Mrija ule ulikuwa mrefu kuliko njia yake, na mzee akauliza kama hauwezi kupunguzwa.

“Hii haikatwi, mzee,” fundi akamwambia. “Ukikata, ile gesi inatoka, na geji imekufa. Hairudi.”

Akauzungusha mara mbili kuwa duara la upana wa kikombe, karibu na pale unapotoka kwenye injini. Injini hutikisika, mwili wa gari hautikisiki nayo, na bila yale maduara mtikisiko ungevunja shaba kidogo kidogo. Akaupitisha kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva kupitia tundu lenye raba, ili chuma kisiukwaruze, na akahakikisha uko mbali na bomba la moshi. Ingekuwa geji ya umeme angekuwa na tahadhari nyingine: sensa yake hupata arthi kupitia thredi zenyewe, kwa hivyo ukizungushia tepu nyingi ya kuziba maji, unaweza kukata umeme na geji ikakaa tu.

Lakini kabla ya haya yote, fundi alikuwa ameomba sufuria ya maji na jiko. Geji kuukuu haifungwi kabla ya kupimwa. Alikitumbukiza kichupa ndani ya maji, yakachemka yakaruka, mshale ukapanda, ukapita 200 kidogo, ukasimama hapo.

“Hii imekula kwangu,” mzee akasema. “Maji yanachemka na haijafika 212.”

“Mzee, hiyo geji ni nzima,” nikamwambia. “Sisi ndio tuko juu.”

Hiki ndicho kitu ambacho taa ya samawati haiwezi kukufundisha. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, yaani 212 za Farenhaiti, ukiwa usawa wa bahari. Ukipanda, hewa inapungua uzito, na maji huchemka mapema zaidi. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, ambazo ni karibu 202 za Farenhaiti. Timboroa, zaidi ya mita 2,700, yanachemka kwenye 91 hivi. Kwa hivyo 212 ni namba ya Mombasa. Geji iliyosimama kwenye 202 juu ya jiko la Nairobi ilikuwa sahihi kabisa. Ingesoma 212 ndiyo ingekuwa mbovu.

Ongeza hapo kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha Minor 1000 hubana shinikizo la pauni 7 kwa inchi ya mraba, na kubana huko huinua kiwango cha kuchemka. Kifuniko kikiwa kizima, maji ya Nairobi hayachemki hadi karibu nyuzi 107. Springi yake ikilegea, umerudi kwenye 94. Nyuzi 13 zimepotea, na hakuna kilichobadilika machoni. Hakuna uvujaji, hakuna sauti. Mtu mwenye namba kwenye dashibodi anaweza kupiga hesabu hiyo akiwa kwenye usukani: niko kwenye 195, kifuniko changu sikiamini, napanda, basi nipunguze mwendo. Mtu mwenye herufi C na H hawezi. H ya wapi? Ya Mombasa au ya Timboroa?

Fikiria ile barabara ya Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukirudi Nairobi unaipanda polepole nyuma ya malori. Gia iko chini, injini inazunguka sana, upepo wa kupoza rejeta haupo kwa sababu gari halina mwendo, na kila mita unayopanda inashusha kiwango cha kuchemka. Joto linapanda huku dari likishuka. Hapo geji yenye namba inakupa kitu cha thamani kuliko vyote, muda. Unauona mshale ukitoka 180 kwenda 190, unaegesha, unaacha injini izunguke taratibu ipoe, na hugusi kifuniko. Inakupa pia onyo la pili ambalo wengi hulisoma vibaya: mshale ukianguka ghafla katikati ya mlima, usishangilie. Huenda maji yameshuka chini ya kichupa, na sasa kinapima hewa.

Namba ziliondokaje basi? Kwanza kwa sababu za kiwandani. Mrija mwembamba usiokatwa wala kukunjwa ni kero kwa mtu anayeunganisha magari mengi kwa siku. Waya wa umeme hauna shida hiyo. Geji za umeme zikachukua nafasi: sensa inayobadilisha ukinzani wake kulingana na joto, na kwenye dashibodi kipande cha metali mbili kinachojipinda kikipata moto wa umeme na kusukuma mshale. Magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1960 yaliwekewa na kifaa cha kutuliza umeme hadi volti 10, ili mshale usicheze kila betri inapopanda na kushuka. Ulikuwa mshale mpole, unaotembea polepole. Na mara nyingi uso wake haukuwa tena na namba. Ulikuwa na C, na H, na katikati pengine N ya kawaida.

Halafu ikaja kompyuta. Katika magari mengi ya leo yenye mshale, mshale huo hausomi joto moja kwa moja. Kompyuta inasoma, halafu inaamua mshale ukae wapi. Imepangwa kuuacha katikati kabisa joto likiwa popote ndani ya eneo pana, na kuusogeza tu mambo yakiwa tayari mabaya. Sababu inayotolewa ni kwamba wateja walikuwa wakirudi dukani na wasiwasi kila mshale unaposogea, hata kwa jambo la kawaida. Kwa hivyo wakaufundisha mshale kutosogea. Kutoka hapo hadi taa mbili, ya samawati na nyekundu, ni hatua fupi. Kama mshale hausogei, unauwekea nini?

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kompyuta hiyo hiyo huwasha feni kwa wakati, na katika magari mengi hupunguza nguvu ya injini ili kuiokoa, jambo ambalo mrija wa etha hautafanya kamwe. Na kuna gari lililofanya vizuri bila geji hata moja ya joto: Volkswagen Beetle, lililoshinda Safari Rally mwaka 1962, halikuwa na maji ya kuchemka. Lilipozwa kwa hewa. Feni yake iliendeshwa na mkanda ule ule wa jenereta, kwa hivyo taa nyekundu ya jenereta ikiwaka ukiwa mwendoni, dereva aliyejua alielewa kwamba pengine mkanda umekatika na injini haipozwi. Lakini ona: taa hiyo ilimfaa aliyejua tu. Kwa asiyejua ilikuwa taa ya betri.

Tofauti iko hapo. Kifaa kinaweza kukupa habari, au kinaweza kukutuliza. Kinachokutuliza kina raha hadi siku moja. Na mara nyingi siku hiyo gharama haimwangukii aliyebuni dashibodi. Inamwangukia kijana wa teksi aliyekopa gari kwa malipo ya kila wiki, akiwa Waiyaki Way saa kumi na mbili jioni na abiria nyuma.

Mzee wetu sasa anajua kwamba Minor lake hukaa kwenye 175 tambarare, na kwamba kwenye mlima hufika 190 na kushuka tena. Hizo ni namba za gari lake, si za kitabu. Zikibadilika ataziona kabla ya mvuke.

Na kwa wasee wa Vitz kuna habari njema. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana tundu la uchunguzi chini ya usukani, lile ambalo fundi huchomeka mashine yake kusoma makosa. Kuna visomaji vidogo vya bluetuthi vinavyoingia hapo na kutuma data kwenye simu, na joto la maji ni moja ya vitu vya kwanza vinavyoonyesha, kwa namba, nyuzi kwa nyuzi. Kompyuta ya gari imekuwa ikiijua namba hiyo kila sekunde tangu siku ulipolinunua. Ulihitaji tu kuiomba. Ukiipata, iandike: tambarare ngapi, mlimani ngapi, kwenye jam ya Ijumaa ngapi. Na kumbuka uko Nairobi. Hapa maji hayangoji 100.